Firigisi ya Lusweti

Kila Jumamosi asubuhi Jentrix alipiga vitanda msasa. Karakana ya baba yake, Phanuel Shivachi, ilikuwa Makina, Kibera, na iliitwa karakana kwa heshima tu. Yalikuwa mabati machache juu ya nguzo, na mbao zilijaa mpaka njiani. Jentrix alikuwa darasa la saba, na kiganja chake kilizijua mbao vizuri. Akikipitisha juu ya ubao, aligundua palipobaki mikwaruzo hata kabla hajatazama.

Jumamosi moja ya Julai, mwaka wa sabini na tisa, baba alimwambia aweke msasa chini, anawe, avae gauni la kanisani.

"Leo tunakwenda Kawangware kununua gari," alisema, na sauti yake ilijaa fahari.

Shule moja ya bweni huko Limuru ilitaka vitanda vya bweni zima, lakini mwalimu mkuu alisema waziwazi kwamba fundi asiye na gari asijisumbue. Mkokoteni ungefika Limuru lini? Akiba ya baba haikutosha. Basi mama, Sella Nafuna, aliuza cherehani yake, ile aliyoshonea sare za watoto wa nusu ya Makina. Siku mashine ilipochukuliwa, aliifuta kwa kitambaa mara ya mwisho, akaingia ndani. Jentrix aliliona hilo na lilimkaa moyoni. Gari likiwa bovu, hakutakuwa na vitanda vya Limuru wala sare za kushona, na wote watatu watalala njaa.

Mwenye gari aliitwa Lusweti. Alitoka kijiji jirani na kile cha mama, kwa hiyo alimwita mama dada, akamwita baba shemeji, na Jentrix aliambiwa amwite mjomba. Baba alikuwa ameonyeshwa magari mengine, lakini yote aliyakataa kwa sababu wenyewe walikuwa watu asiowajua.

"Mtu wa kwetu hawezi kunitupa," alisema walipokuwa wakikatiza Barabara ya Ngong kwa miguu. "Tena shemeji!"

Lusweti aliwangoja langoni mwa ploti alikopanga chumba, meno yote nje. Kando yake ilisimama Kombi nyeupe iliyong'olewa viti vya nyuma ili kubeba mizigo. Ilikuwa imeoshwa ikatakata.

"Shemeji! Dada! Karibuni, karibuni! Gari baadaye. Kwanza tule, biashara haiendi na njaa."

Mezani palikuwa na ugali na kuku mzima. Lusweti mwenyewe alichukua firigisi, akaiweka mbele ya baba kwa mikono miwili. Sasa, kwa watu wa magharibi ya Kenya, kama hawa, firigisi haipewi mtu yeyote tu. Ni ya mwenye nyumba, au ya mgeni aliyeheshimiwa kuwashinda wote. Baba aliinama, akashukuru, akaila polepole. Kutoka hapo akawa mpole mno. Maswali yote aliyokuwa amejiandaa kuuliza, kuhusu injini, breki na magurudumu, aliyameza pamoja na ile firigisi.

"Hiyo gari ni kama mtoto wangu," Lusweti alisema akijipangusa midomo. "Sijaiwasha tangu Jumatano. Imelala tu hapo inawangoja nyinyi."

Jentrix alitumwa nje kumwaga maji ya kunawa. Akapita karibu na Kombi. Kwa mazoea tu, kama agusavyo ubao, aliweka kiganja kwenye kifuniko cha injini, kule nyuma. Akakiondoa haraka. Kilikuwa cha moto.

Aliduwaa. Tangu Jumatano? Alirudi ndani, akasimama mlangoni.

"Baba, samahani. Ile gari iko na moto kule nyuma. Ni kama imezimwa sasa hivi."

Lusweti aliangua kicheko. "Ni jua hilo, mtoto wa dada!"

"Jua gani, mjomba? Wiki hii yote hatujaliona."

Kwa kweli mawingu ya Julai yalikuwa yameufunika mji siku nzima, na kila mtu pale ndani alikuwa amevaa sweta au koti. Lakini baba hakutazama mawingu. Uso ulimwiva kwa aibu.

"Jentrix! Mtu amekuchinjia kuku, na wewe unamwita mwongo?"

"Sijamwita mwongo, baba. Nimesema gari iko na moto."

"Nyamaza! Toka nje!"

Jentrix alitoka akilia. Hakulia kwa sababu ya kukemewa. Alilia kwa hasira. Kuku mmoja! Cherehani ya mama iende kwa kuku mmoja na kipande cha firigisi! Na baba yake, mtu aliyekuwa akiukataa ubao wenye ufa mbele ya mwenye duka bila kupepesa macho, leo amefungwa mdomo kwa mnofu usiojaza kiganja. Na yule mtu anacheka! Alitamani kuipiga ile Kombi teke.

Muda si muda mama alitoka akiwa na sufuria, kana kwamba anatafuta maji. Alipofika kwenye Kombi, aliweka mkono kwenye kile kifuniko, akautuliza hapo.

"Alisema hajaiwasha tangu lini?" aliuliza chini kwa chini.

"Jumatano."

Mama alijipangusa mkono kwenye leso. "Kaa hapa. Ikipoa kabisa, niite."

Ndani, Lusweti alikuwa amesimama, ufunguo mkononi. Baba naye alikuwa amesimama, mkono umeshaingia mfuko wa ndani wa koti, zilimokuwa pesa.

"Twendeni niiwashe, msikie vile inanguruma," Lusweti alisema.

Mama aliketi, akajiegemeza kwa raha zake. "Kaka, haraka ya nini? Mwaka mzima sijakuona, halafu niondoke kwako bila hata chai?"

"Chai? Ah, chai iko, dada. Acha basi niipashe gari moto kidogo wakati maji yanachemka."

"Iache ilale, kaka. Si imelala tangu Jumatano?"

Lusweti angesema nini? Mgeni uliyemlisha kuku hafukuzwi, na yeye ndiye aliyeanza mambo ya ukarimu. Aliweka ufunguo mezani, akawasha stovu. Mama alikunywa chai kwa utaratibu wa ajabu. Aliuliza habari za nyumbani, mtu mmoja baada ya mwingine: nani ameolewa, nani amezaa, ng'ombe wa nani amekufa. Chai ilipokwisha, aliisifu, akaomba nyingine. Lusweti alijibu huku macho yakikimbilia mlangoni. Mara mbili aliinuka, na mara mbili mama alimkumbuka shangazi mwingine wa kumuulizia. Baba hakuelewa kitu, alikohoa tu kwa haya.

Jentrix alikaa juu ya jiwe kando ya Kombi kama askari wa zamu, kila mara akipapasa kile kifuniko. Moto uligeuka joto, joto likawa uvuguvugu. Hatimaye bati likawa baridi kama sufuria iliyolala nje.

"Mama, sasa," aliita.

Mama aliweka kikombe chini. "Haya, kaka. Chai ilikuwa tamu. Twende uiwashe."

Baba alitia tena mkono mfukoni. Lusweti aliingia ndani ya gari, akazungusha ufunguo. Injini ilikohoa, ikanyamaza. Akazungusha tena. Ikakohoa kwa udhaifu zaidi, kisha ikakata roho kabisa.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo Lusweti hakulipanga. Vijana watatu wa ploti, waliokuwa wakicheza drafti ukutani, waliinuka bila kuitwa. Mmoja alivua koti, akalitundika kwenye ua. Wawili wakaenda nyuma ya Kombi, wa tatu akashika nguzo ya mlango, kila mtu mahali pake kama wachezaji uwanjani.

"Mzee, leo tusukume mpaka kwa kinyozi, ama mpaka kule chini kama asubuhi?" aliuliza yule wa mlangoni.

"Hapana! Rudini mkacheze! Nani amewaita?" Lusweti alifoka.

"Lakini mzee, si ndiyo kazi ya kila siku?"

Baba alimtazama kijana, akaitazama Kombi, kisha akamtazama shemeji yake. Alitoa mkono mfukoni, na ulitoka mtupu.

"Ni betri tu, shemeji," Lusweti alisema. "Kitu kidogo."

"Betri ni mpya!" ilisema sauti kutoka kwenye ua. Alikuwa Gathoni, mama mwenye ploti, aliyebeba majani ya ng'ombe wake. "Injini ndiyo imeisha. Fundi alimwambia tangu Aprili, nikisikia kwa masikio yangu. Na kila asubuhi ninaamshwa na kelele za kusukuma, maana ikilala baridi haiwaki."

Jentrix alishindwa kujizuia. "Nyanya, kumbe ulijua! Mbona hukutuambia tulipoingia?"

Gathoni alitua mzigo wake. Hakukasirika. "Mngeniamini, mtoto wangu? Mngesema, huyu mwenye ploti si wa kwetu, anamwonea mtu wetu. Lakini nilipaswa kusema hata hivyo. Hapo nimekosa."

Baba aliinamisha kichwa, kwa kuwa ndivyo hasa ambavyo angesema. Kisha akamgeukia Lusweti.

"Mke wangu ameuza cherehani kwa ajili ya hii gari. Nilikuambia hivyo mimi mwenyewe, ukanipa pole! Umenilisha chakula kizuri, lakini ulinilisha ili nisiulize. Unajua nimemfukuza mtoto wangu kwa sababu yako? Angekuwa mtu wa barabarani amenifanyia hivi, ningesema ni mwizi tu, nikaenda zangu. Wewe nikuiteje?"

Lusweti alitazama viatu vyake. Hakuna aliyemuaga.

Gathoni aliwafuata mpaka langoni, akawaelekeza kwa Thuo, mtu aliyesambaza mikate pale Kawangware na aliyetaka kuuza gari lake kwa kuwa alikuwa amezeeka. Jumatatu, kabla ya mapambazuko kukomaa, baba alibisha mlango wa Thuo bila kumpa habari. Mlango haukuchelewa kufunguliwa.

"Breki ya kushoto inavuta, itengeneze kabla hujabeba mzigo mzito," Thuo alisema hata kabla ya salamu kwisha. "Mlango wa nyuma naufunga kwa waya. Usiku taa moja ni hafifu. Haya, iwashe wewe mwenyewe."

Baba aligusa injini, baridi. Akauliza maswali yake yote, mengine mara mbili, ingawa aliona haya kumchosha mzee. Thuo aliyajibu yote. Gari liliwaka mara ya kwanza, na jioni hiyo liliegeshwa Makina, mbele ya karakana, majirani wakilizunguka.

Ijumaa jioni, breki ikiwa imeshatengenezwa, wapakiaji walikuwa wakipanga garini vitanda vya kwanza vya Limuru baba alipomwita Jentrix. Wote waliacha kazi, wakidhani binti amekosea jambo.

"Jumamosi nilikukemea mbele ya watu," baba alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Kwa hiyo nakuomba radhi mbele ya watu. Niliogopa kumuudhi mtu aliyenikirimu, nikadhani hiyo ndiyo heshima. Heshima gani hiyo, inayomwacha mama yako apoteze cherehani yake bure? Wewe ulisema kweli, tena kwa adabu, na mimi nikakutoa nje."

Jentrix aliinamisha macho. Hasira ya wiki nzima ilimtoka taratibu, na mahali pake pakaja machozi aliyoyafuta kwa mkono wa sweta.

"Kuanzia leo," baba aliendelea, "ukiona kitu kibaya, sema. Na mimi nikikuambia nyamaza, sema tena."