Sabuni ya Nyumba ya Watu

"Umetoka wapi?"

"Sokoni."

"Kikapu kiko wapi?"

Mwanamke akatazama mikono yake. Kikapu alikuwa amekisahau kule alikotoka, na kule alikotoka hakukuwa sokoni.

Mumewe aliinuka kwenye kochi, akamshika kiganja, akakinusa. Kila siku mke huyu alinuka petroli, kwa sababu kazi yao wote wawili ilikuwa moja: kutengeneza magari ya zamani ya Kiingereza, yale ambayo mafundi wengine wakifungua boneti huifunga haraka na kusema vipuri havipatikani. Leo, siku ya mapumziko, mkono ulinukia waridi.

"Hii si sabuni yetu."

Mke akauvuta mkono wake.

"Nakuuliza, Spana. Hii ni sabuni ya nyumba ya nani?"

Spana lilikuwa jina lake la mapenzi. Wenzake wakiolewa huja na vyombo vya jikoni, yeye aliingia na sanduku la spana za marehemu baba yake, zile za vipimo vya Kiingereza vya zamani, ambazo zinashika nati za magari hayo bila kuzimega. Mume alipoliona sanduku alicheka mpaka akashika mbavu, akampa jina siku hiyo hiyo. Leo alilitamka kama analitema.

Pembeni alikaa wifi yake, dada wa mume, simu iko mapajani. Ndani ya simu mlikuwa na picha: Spana akitoka kwenye geti la daktari wa meno, mwanamume aliyefiwa na mkewe, mwenye nyumba kubwa na Jaguar ya kijani.

"Wifi, mimi sina ubaya na wewe," alisema wifi. "Nimepita zangu, nikaona. Na si mara ya kwanza."

"Una kitu na Daktari?" mume akauliza.

"Sina."

"Ulifuata nini kwake?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi, mume wangu. Niamini tu."

"Mke anatoka kwa mwanamume ameoga, halafu niamini tu."

"Sikuoga. Nimenawa mikono."

"Umenawa nini?"

Hapo Spana angeweza kujiokoa kwa neno moja. Petroli. Alimtazama mumewe, akamtazama wifi, akalimeza neno hilo.

"Toka," mume akasema. "Toka kabla sijakufanyia kitu nitakachokijutia."

Akatoka na nguo zilizo mwilini.

Sasa nikwambie wewe unayesoma, maana mimi siri hii imenikaa vibaya na siwezi kuibeba peke yangu. Spana hakuwa na hawara. Alikuwa anakwenda kwa Daktari kurudia kazi ya mumewe, kwa sababu mumewe alikuwa ameanza kuwa kiziwi.

Magari mengi ya aina ile yana kabureta mbili, vile vifaa vinavyochanganya hewa na petroli, na zote mbili lazima zivute hewa sawa. Fundi anachukua kipande cha mpira mwembamba, ncha moja anaiweka kwenye mdomo wa kabureta, ncha nyingine anaitia sikioni, anasikiliza mluzi wa hewa. Anahamia kabureta ya pili. Anakaza skrubu, analegeza, mpaka miluzi miwili ilingane. Isipolingana, gari linatetemeka na kutoa moshi mweusi. Mume huyu alijulikana mji mzima kwa kazi hiyo, watu wakamwita Fundi Sikio. Na katika viungo vyote vya mwili, kilichoanza kumsaliti kikawa hicho hicho.

Alianza kwa kuongeza sauti ya redio. Kisha simu akaziacha kwa mkewe, akidai wateja wanamchosha kwa maneno. Mkimkabili uso kwa uso mlielewana vizuri, kumbe nusu alikuwa anaisoma midomoni.

Spana aliwahi kujaribu kumwambia.

"Twende tukapime masikio, mume wangu. Na mimi nitapima, tunakwenda wote."

Mume aliweka spana chini taratibu.

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu. Umri tu."

"Sikiliza. Siku nitakayoambiwa sisikii, nafunga gereji. Na nikifunga gereji, mimi ni nani? Niambie. Nitakuwa nani humu ndani?"

Siku kadhaa hakumsemesha mtu. Alikula kidogo, akalala ameangalia ukuta. Spana akaogopa, akaapa hatalirudia.

Ndipo Daktari akapiga simu.

"Shemeji, gari nimelichukua jana tu kwenu na linatetemeka kama lina homa. Mpe Fundi niseme naye."

"Usiseme naye, Daktari. Nakuomba. Nitakuja mwenyewe."

"Kuna nini?"

"Sikio lake limechoka."

"Mwambie ukweli, shemeji. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Daktari, wewe ukiambiwa leo mkono wako unatetemeka, kesho utashika koleo ung'oe jino la mtu?"

"Siwezi."

"Basi niachie mimi."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kila gari lililotoka gerejini, Spana alilifuata kwa mwenyewe, akalirekebisha, akarudi nyumbani na uongo wa soko. Wateja walimheshimu Fundi wakafunga midomo. Na ili mume asijiulize amepata wapi petroli mbichi mikononi siku ya mapumziko, akawa ananawa kwa sabuni ya kule kule. Hapo ndipo alipojichongea mwenyewe.

Spana alikwenda kwa dada yake mkubwa. Kesho yake simu ikalia, ujumbe wa mume:

"Tuma mtu achukue nguo zako."

Akajibu: "Nguo si kitu. Naomba spana za baba."

"Spana nazitumia kazini."

Akaandika: "Umekula?" Akaufuta. Akaandika tena, akaufuta tena. Dada yake akamnyang'anya simu.

"Mwanamume amekuita malaya mbele ya wifi yako, wewe unamuuliza habari za chakula?"

"Hakusema malaya."

"Alisema nini?"

"Alisema toka."

"Kuna tofauti gani? Kwa nini humwambii kweli, umalize?"

"Nikimwambia, dada, nitarudi nyumbani nikute mtu aliyekufa amekaa kwenye kochi. Bora anichukie akiwa hai."

Dada akatikisa kichwa. "Haya mapenzi yako yatakuzika."

Kule gerejini, magari yakaanza kurudi. Ikarudi Triumph nyekundu inakohoa. Ikarudi MG ya mwalimu mstaafu, plagi nyeusi tititi. Fundi akalaumu petroli. Akalaumu plagi. Siku moja akawalaumu wenye magari kwamba hawajui kuendesha.

Kisha habari za Spana kufukuzwa zikamfikia Daktari, na Jaguar ya kijani ikaingia getini, yeye mwenyewe usukanini. Fundi akaokota spana kubwa kuliko zote.

"Una ujasiri wa kuja hapa?"

Daktari alishuka, akasimama mbele yake, uso kwa uso, akasema polepole.

"Nimekuja kukwambia kitu. Ukishasikia, kama unataka kunipiga, nipige."

"Mke wangu alikuwa anafanya nini kwako?"

"Alikuwa anatengeneza gari."

"Gari lipi? Hili nililitengeneza mimi."

"Ulilitengeneza. Na kila ukilitengeneza alikuja nyuma yako na mpira wake, akaanza upya."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa namshikia tochi."

Wifi alikuwa mlangoni na sinia la chai. Akaliweka chini.

"Uongo," Fundi akasema, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Injini inawaka, na mara ya mwisho mkeo aliondoka hajamaliza. Chukua mpira wako, usikilize."

Fundi alichukua mpira. Aliuweka kwenye kabureta ya kwanza, akautia kwenye sikio la kulia. Akangoja. Akahamishia la kushoto. Akaenda kabureta ya pili, akafumba macho kama alivyozoea, na jasho likaanza kumtoka. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko kazi inavyodai. Kisha akamnyooshea Daktari ncha ya mpira.

"Inasemaje?"

Daktari akasikiliza. "Huku inapiga mluzi mkali. Huku inavuta kidogo tu."

"Mluzi upo?"

"Upo."

"Unasikika vizuri?"

"Unasikika vizuri, Fundi."

Fundi akakaa chini, pale pale kwenye oili, mgongo kwenye tairi. Wifi akamsogelea.

"Kaka, nilisema nilichokiona. Wallahi sikujua."

"Wewe hukujua," akamjibu. "Mimi nilijua. Si hili la gari. La sikio nilijua."

Akalia mbele ya mteja, mtu ambaye hata kwenye msiba wa mama yake alijizuia.

Jioni ile alibisha hodi kwa shemeji yake. Dada mtu alifungua mlango nusu.

"Umefuata nini, shemeji?"

"Nimemfuata mke wangu."

"Si ulimfukuza? Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole."

"Sijaja kutafuta pole. Naomba nimuone tu."

Alimtazama, akaona macho yalivyovimba, akafungua mlango wote. "Yuko jikoni. Ukimliza, utatoka kwa dirisha."

Spana alikuwa anaosha vyombo, bomba la maji liko wazi. Alimsikia akiingia, lakini hakugeuka.

"Daktari amekuja," mume akasema akiwa mlangoni. "Ameniambia yote."

Spana aliendelea kusugua sufuria. Kisha akaanza kusema, uso wake umeelekea ukutani, maji yakimwagika.

"Kwa hiyo umeambiwa. Mimi sikutaka uambiwe. Nimekuficha kama mtu anavyoficha mtoto mgonjwa asichekwe na watu. Nilikubali kuitwa mwongo. Nilikubali wifi anipige picha kama mwizi. Na wewe uliyelala na mimi miaka yote hii, hukukaa hata usiku mmoja ukajiuliza, huyu ninayemjua angefanya hivyo?"

Mume alikuwa amesimama kimya.

"Unajua kinachoniuma? Si kufukuzwa. Ulijua kwamba husikii. Moyoni ulijua. Ila kwako ilikuwa rahisi kuamini mkeo ni malaya kuliko kuamini sikio lako limekufa. Ukanitoa mimi nje, ukabaki na sikio."

Akaigeuza sufuria, akasugua upande wa pili.

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Useme tu, mke wangu, sisikii, nishike mkono. Ningekushika. Lakini ulinyamaza, na mimi nimechoka kuwa ukuta wa kukufichia."

Akachukua sahani nyingine.

"Spana," mume akasema.

Hakugeuka.

"Spana, nigeukie. Sisikii."

Mikono yake ikasimama ndani ya maji.

"Naona mabega yako, najua unaongea, lakini hakuna kinachonifikia. Sisikii, mke wangu. Ni muda mrefu sasa. Sikio hili limekwisha kabisa, na hili lingine nalo linakwenda."

Spana alifunga bomba. Aligeuka polepole, uso umelowa, akamtazama mtu aliyekuwa amesimama pale na kofia mkononi kama mgeni.

"Hujasikia hata neno?"

"Hata moja."

"Yote yale?"

"Yote. Yaseme tena. Nitakuangalia midomo, sitakukatiza."

Spana alifungua mdomo. Alimtazama macho, akatazama mvi zilizoanza juu ya lile sikio, akafunga mdomo.

"Siwezi kuyasema nikiwa nakutazama."

"Ni mabaya?"

"Ni ya kweli."

Mume akaitikia kwa kichwa. "Na mwisho wake? Mwisho ulisema unarudi?"

"Sikusema hivyo."

"Ulisema hurudi?"

"Sikufika huko." Akajifuta uso kwa mkono wa blauzi. "Gari la Daktari nitakuja kulirekebisha kesho, na wewe ukiwepo. Wateja utawaambia mwenyewe. Nyumbani sijui. Nikisema nimekusamehe sasa hivi nitakuwa nimekudanganya, na uongo nimeumaliza wote kwa ajili yako."

"Sawa."

"Unaweza kwenda."

Hakwenda. Alivuta kigoda kilichokuwa karibu na mlango, akakaa, akaiweka kofia chini.

"Geuka," akamwambia. "Geuka huko huko, uyamalize. Sitasikia, lakini nitakuwepo."

Spana alimwangalia muda mrefu. Kisha akageukia vyombo, akafungua bomba, akaanza upya tangu mwanzo, mambo ya juzi na mambo ya zamani, na sauti ikapanda mpaka dada yake akaja kuchungulia mlangoni, akarudi kimya. Mume alikaa pale pale, macho hayakutoka kwenye mabega ya mkewe. Yakipanda, alisema ndiyo. Yakitetemeka, alisema nisamehe, kwa sauti kubwa kidogo kama wafanyavyo wasiosikia, bila kujua anajibu neno gani.