Koti la Sajini

Kitendawili. Nauwasha moto kwangu, anaungua jirani. Umeshindwa? Usinipe mji bado. Mfuate Mehala kwanza.

Asubuhi ile, kama asubuhi zote, Mehala aliamka mgongo ukimuuma. Kambi ya watu waliotoroka utumwa ilikuwa pembeni mwa Washington, na wanawake wa pale walifua nguo za askari wa Rais. Vita vya Rais na majimbo yaliyotaka kujitenga vilikuwa vimechosha kila mtu, lakini nguo chafu hazikuchoka kuja. Bibi Tamari, bibi yake Mehala, alisugua amefumba macho, wenzake wakamtania kwamba siku hizi anafua usingizini.

Penye mapipa walikuwa bado wanazungumza habari ya mwaka mpya. Rais alikuwa ametangaza kwamba watumwa wa majimbo yaliyoasi ni watu huru. Mehala na bibi yake walitoka Virginia, jimbo lililoasi, basi tangazo liliwagusa. Zilfa, mgeni aliyekuwa akichochea moto wa chungu kikubwa, alitoka Maryland. Maryland haikuasi, kwa hiyo mabwana wa huko waliachiwa watumwa wao. Nje ya lango wakamataji wa watumwa waliotoroka walizunguka na farasi wao.

"Bibi, kwa nini Rais amemwacha Zilfa?" Mehala aliuliza.

"Sugua, mjukuu wangu."

Mehala akasugua. Maji yalikuwa baridi kama barafu, na sabuni ya majivu ilikuwa imempasua vidole. Alijua vizuri kwamba pamba nyeupe huchemshwa na sufu ya buluu hufuliwa kwa maji baridi. Lakini alikuwa amechoka. Zilfa alipokwenda kuchukua kuni, Mehala alilitumbukiza koti la sufu la sajini mmoja chunguni ili uchafu utoke upesi. Alipoliopoa kwa mti, lilikuwa limesinyaa likabaki la kumtosha mtoto anayejifunza kutembea. Akalirudisha humo humo, akaondoka.

Msimamizi wa kambi, Bwana Loomis, alilinyanyua mbele ya wote akauliza nani amelichemsha. Macho yakamwendea Zilfa, kwa kuwa chungu kilikuwa chake.

"Watu wa Maryland hao," mama mmoja alinong'ona. "Wamezoea kulima tumbaku. Sufu wataijulia wapi?"

Zilfa alisema si yeye. Alisema mara moja tu, kama mtu aliyezoea kutosadikiwa. Bwana Loomis akamwambia afungashe, atoke kabla ya chakula cha mchana.

Mehala alimtazama akifunga kikaango na blanketi lake. Alifunga polepole, jicho liko langoni. Akitoka Mehala, atalala njaa. Akitoka Zilfa, atarudishwa utumwani. Mehala alijua hivyo, na bado hakuondoka penye pipa lake. Zilfa alipoutia mzigo kichwani, ndipo akamkimbilia msimamizi.

"Ni mimi, bwana. Mikono iliganda. Zilfa hata hakuliona."

"Mbona ulinyamaza?"

"Niliogopa utatufukuza mimi na bibi."

Bwana Loomis alijifuta uso. Naye macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Akaamua kwamba Mehala atachota maji ya mapipa yote mpaka mwisho wa mwezi, na masomo ya jioni atayakosa. Akamwambia Zilfa arudi chunguni. Yule mama aliyenong'ona habari ya tumbaku hakuomba radhi, ila alisogea akampa Zilfa nafasi penye moto.

Alasiri Mehala na bibi yake walikuwa wanakamua shuka, kila mmoja na ncha yake.

"Bibi, asubuhi hukunijibu."

Bibi Tamari aliendelea kusokota mpaka maji yakaacha kudondoka.

"Rais anauchukia utumwa, nasadiki hivyo. Lakini anaogopa. Akiwagusa mabwana wa Maryland, nao wataasi, na nchi anayotaka iwe moja itazidi kuvunjika. Basi amefanya nusu, na nusu iliyobaki imemwangukia Zilfa. Nawe leo uliogopa hivyo hivyo. Hofu ni yako, mjukuu wangu, lakini ukiifunika, anaungua mwenzio. Umeifunua, na huyo yuko pale anachochea moto. Yeye Rais labda naye atamaliza siku moja. Na asubuhi sikukujibu kwa sababu Zilfa alikuwa anatusikia."