Bwana na Bibi Ho Likizoni

Jumanne, baada ya chakula cha mchana

Fung aliwakusanya kwenye stoo ya nyuma ya banda lake la bata wa kuchoma, kule Iao Hon ambako watalii hawafiki. Bata walining'inia kwenye ndoano. Watu walikuwa wanne. Fung mwenyewe, mwenye mchongo. Kidevu, dereva. Mrefu, mtu wa bastola, aliyeingia Makau wiki iliyopita akitokea ng'ambo ya mpaka, na hakuna aliyemuuliza zaidi. Na Sau-wan, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, aliyekuwa akifua mashuka ya hoteli za kamari za Cotai mpaka walipomwachisha.

Kazi ilikuwa duka la rehani la Mzee Sou, nyuma ya hoteli moja kubwa. Wanaoliwa kwenye karata za kamari ya bakarati huacha saa zao pale, saa za watu wazito. Mrefu na Sau-wan wangekaa hotelini kama Bwana na Bibi Ho, mke na mume walio likizoni, waonekane na kila kamera. Ijumaa wangeingia dukani: mume kaliwa, anaweka saa rehani.

Shida ilikuwa kutoka. Pale mlangoni kuna mageti mawili. La ndani, la chuma na kioo, hujifunga lenyewe nyuma yako. La nje halifunguki mpaka mtu akanyage pedali chini ya kaunta.

"Dada atakanyaga," Fung alisema. "Mrefu anatoka na mzigo, analiwekea geti kabari. Dada anafuata. Kidevu yuko nje na gari la mashuka."

Kisha akawapa darasa la chai. Mzee Sou huwakaribisha chai wateja wake. Mjini hapa ukimiminiwa chai unagonga vidole viwili mezani, ndiyo asante yako. Lakini hayo ni ya wageni na marafiki.

"Nyie mna miaka tisa kwenye ndoa. Mtu hamgongei mkewe vidole. Mkigongeana vidole navikata."

Sau-wan aliuliza swali moja tu, kama kwenye gari kuna nafasi yake.

"Kiti chako kipo, dada. Mbele kabisa, dirishani."

Mgawo wake haukumkosesha usingizi. Kilichomkosesha ni kile kiti. Tangu aachishwe kazi alikuwa anakula peke yake mbele ya televisheni, na sasa kulikuwa na watu waliosema wataondoka naye.

Jumatano na Alhamisi

Hoteli ilikuwa na mfereji ndani ya jengo na mbingu ya kuchorwa darini, ambako jioni haiingii. Mrefu alimbebea mkoba. Alimpiga picha darajani, akamwambia asogee kidogo, atabasamu. Mezani alimmenyea kamba mmoja mmoja akamwekea bakulini kwa vijiti vyake mwenyewe. Mama mmoja meza ya jirani alimpiga mumewe kiwiko: unaona wenzio?

Sau-wan alicheka. Alikuwa amesahau kwamba kicheko chake kina sauti kubwa.

Mlango wa chumba ulipofungwa tu, Mrefu aliuachia mkono wake. Akaenda kulala kwenye kochi na viatu vyake, uso ukiangalia ukuta. Usiku wa kwanza Sau-wan alijiambia ni uchovu. Usiku wa pili alimfunika blanketi, naye hakugeuka.

Asubuhi korido ina kamera, na mkono ukarudi. Jamani, mtu mzima anajua kabisa ni uongo na bado anajipaka rangi ya mdomo.

Ijumaa, saa nane mchana

Mzee Sou alikuwa amevaa kizibao cha sufu. Aliitazama saa ya Mrefu kwa kioo cha jichoni, akaisifu, akawaita meza ya ndani. Mrefu alisema anataka kuona na saa ya kike, ampoze mama, maana ndoa ina miaka tisa na amemharibia likizo. Mzee akacheka akafungua sefu. Trei zikatoka. Kisha ikaja birika.

Sau-wan ndiye aliyemimina. Kikombe cha mzee. Kikombe cha mumewe.

Macho ya Mrefu yalikuwa kwenye sefu. Vidole vyake viwili vikagonga meza.

Tak, tak.

Sau-wan alipaswa kuogopa. Hakuogopa, aliumia. Yeye mwenyewe tangu Alhamisi asubuhi alikuwa akipokea chai kwa mtu huyu bila kugonga, na hata hakujua ameachaje.

Mzee Sou alisema ngoja alete trei nyingine. Mkono wake ukashuka chini ya meza. Mrefu akatoa bastola, lakini alikuwa amechelewa kwa pumzi moja.

"Mikono juu, mzee."

Mzee aliinua mikono, bila haraka.

"Kengele nimeshabonyeza," alisema. "Miaka tisa unamgongea mkeo vidole?"

Mrefu akamtandika kitako cha bastola. Mzee akaanguka kando ya sefu, damu ikimtoka kwenye nyusi. Mrefu akamimina trei zote kwenye begi.

"Kaunta. Nenda."

Sau-wan alikwenda kaunta. Kutoka pale aliiona barabara kupitia kioo cha dirisha. Kidevu alikuwepo. Gari la mashuka halikuwepo. Kidevu alikuwa amekalia pikipiki, injini inanguruma, nyuma kuna nafasi ya mtu mmoja.

Mrefu alishapita geti la ndani. Likajifunga nyuma yake. Akasimama mbele ya la nje, begi begani. Mikononi hakuwa na kabari.

"Kanyaga."

"Gari liko wapi?"

"Kanyaga, wewe. Polisi wanakuja."

"Kiti changu kiko wapi?"

Mrefu akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne alimtazama vizuri. Bastola ilikuwa mkononi, lakini kati yao kulikuwa na kioo kinene kisichopitisha risasi.

"Mke wangu," alisema polepole. "Nifungulie. Nitakurudia."

Neno hilo la mke alilisema vizuri. Mguu wa Sau-wan ukagusa pedali. Nje, Kidevu alisikia ving'ora. Hakungoja mtu. Pikipiki iliruka barabarani ikapotea.

Sau-wan akaondoa mguu. Alimpelekea mzee kitambaa cha kushikia jeraha. Kisha akavuta kiti, akakaa karibu kabisa na geti la ndani. Upande wa pili Mrefu alikuwa akipiga mateke chuma na kumtukana matusi yote ya bandarini. Sau-wan alimwacha amalize. Mrefu hakuwa na pa kwenda.

"Unaitwa nani?" alimuuliza kupitia matundu madogo ya kusemea getini. "Jina lako lenyewe."

Mrefu alichuchumaa, akaegemea ukuta, akampa mgongo.

Polisi walipofika, Sau-wan aliwakanyagia pedali; walipoingia, Mrefu alikuwa ameitupa bastola chini. Walimfunga pingu yeye kwanza, wakampitisha mbele ya Sau-wan, naye hakutazama. Inspekta akamuuliza Sau-wan yule ni nani wake.

"Simjui jina," alisema. "Tulikuwa likizoni."