Namba Iliyoandikwa Kiganjani

"Dada, namba ya simu."

Fundi cherehani alimtazama karani wa masjala: shati limepigwa pasi, tabasamu limekaa upande. Nyuma yake foleni ya wanawake waliokuja kupimwa saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa imefika barabarani. Akajisemea, huyu anaitaka kwa mambo yake. Akataja namba, tarakimu ya mwisho akaibadilisha.

Alipotoka kupimwa, gauni la njano likimcheza miguuni, moyo ukamlainika. Akatoa chaki yake ya kuchorea nguo, akamwandikia karani namba kiganjani.

"Ile nilikudanganya. Hii ndiyo yangu."

"Mchokozi wewe!"

"Na usiioshe."

Karani hakuiosha. Wala hakuisahihisha kwenye faili.

Wiki tatu baadaye nesi akamkabidhi orodha ya wenye majibu mabaya: namba za faili na za simu tu, majina hayamo, eti siri. Utaratibu wa hospitali ile, ambao mimi ninayesimulia sitaacha kuutaja hata mnifunge mdomo, ulikuwa huu: piga mara tatu, asubuhi moja, asiyepatikana mgongee muhuri. Akaifikia namba moja, akapiga mara tatu. Haikupokelewa. Akagonga HAKUPATIKANA juu ya jalada la faili, ambalo nje lina namba tu, kisha akachukua simu yake mwenyewe, akampigia fundi.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula. Unanuka wino mpaka huku kwangu."

Miaka minne alimpata kila jioni. Fundi naye, kwa kuwa hospitali haikumpigia, alidhani yu mzima. Saratani hiyo haikimbii, hutembea polepole. Wao waliiachia njia miaka minne.

Kisha fundi akaanza kutokwa damu kila walipolala pamoja. Akaona aibu, akamkwepa.

"Una mtu!"

"Sina, baba."

"Mbona hutaki nikuguse?"

Karani akamkatia simu. Miezi mitatu hawakusemeshana, hadi daktari alipoagiza faili la mgonjwa mmoja. Karani akalipeleka mwenyewe, akalifungua njiani. Ndani, jina la mpenzi wake. Juu ya jalada, muhuri wake.

"Wakati ule zilikuwa chembe zilizoanza kubadilika," daktari alimwambia fundi. "Tungezigandisha kwa baridi kali dakika chache, ukarudi kushona. Sasa imetoka nje ya mlango wa kizazi. Ni mionzi, na dawa za mishipani."

"Nitapona?"

"Tutajaribu."

Karani alimkuta kwenye benchi la kusubiri mionzi, kanga imemzidi mwili. Akapiga magoti, pete mkononi.

"Nisamehe, mama. Ulikuwa kwenye orodha, nikakugongea muhuri bila kujua. Nikuoe."

"Orodha ile, wangapi uliwagongea muhuri?"

"Ukiacha wewe, arobaini na mmoja."

"Umewatafuta?"

Karani akaiinamia pete.

"Rudisha pete mfukoni. Toa simu."

Akakunjua orodha aliyoichukua masjala, akampigia wa kwanza, palepale sakafuni. Akapokea mwanamume.

"Mke wangu? Tulishamzika. Mlikuwa mnamtakia nini?"

Simu ikakatika. Karani akainua uso umelowa machozi. Mlangoni nesi akaita jina la fundi. Fundi akainuka kwa kushika ukuta.

"Bado arobaini, mpenzi," alisema. "Piga."