Pumzi ya Mzee Redio

Wewe, mashine ya oksijeni ikikohoa, unaita fundi au unaita mganga?

Sista aliita fundi. Alikuwa muuguzi mwenye shahada, na fundi alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, kwa hiyo alikuja bila kubembelezwa. Mashine ilikaa kando ya kitanda cha mama yao, nyeupe, kimo cha jokofu dogo, ikisukuma hewa kwenye mpira mwembamba ulioishia puani mwa mama. Mapafu ya mama yalikuwa yamechoka kabisa. Ukizima mashine kwa muda wa kuchemsha chai tu, kucha zake zinageuka rangi ya biringanya.

Asubuhi hiyo, mama akiwa usingizini, mashine ilikohoa. Kikohozi cha mwanamume, kizito, chenye makohozi.

"Dada, hapa hamna kitu," fundi alisema, kichwa chake nusu kikiwa ndani ya mashine. "Pampu nzima, kichujio kisafi. Umechoka tu."

"Nimechoka, sijawa kiziwi."

"Basi kakohoa mama."

"Tangu lini mama anakohoa kwa besi?"

Wakacheka. Hawakucheka tena ndani ya chumba kile.

Sista alifanya kazi kwenye kampuni ya kuhudumia wagonjwa majumbani. Kampuni hiyo ilipenda sana maneno. Wafanyakazi waliitwa familia, ingawa mimi sijaona familia inayomtaka mtoto aombe ruhusa ya kuugua. Mgonjwa aliitwa mteja. Na mteja hakufa hata siku moja: "alikamilisha huduma". Muuguzi akipiga simu ofisini kusema fulani amekamilisha, mashine yake inakuwa huru papo hapo, na muuguzi huyohuyo anaipeleka kwa mwingine. Hakuna aliyekwenda kuhakiki. Mashine zilikuwa chache, wagonjwa wengi, na bosi akiulizwa zitaongezwa lini alijibu, "Tumieni busara," kisha akarudi kukata keki ya mfanyakazi bora.

Kazi yenyewe Sista aliipenda, hilo nisimnyime. Unamwekea mpira puani mtu aliyekuwa akigombania hewa tangu alfajiri, midomo inarudi rangi yake, mara anaomba uji, na uji wenyewe anasema hauna sukari. Hakuna keki inayofikia raha hiyo. Hata mashine ya mama ilitoka hukohuko kazini. "Angalau familia imenikumbuka," alimwambia mdogo wake siku alipoileta, na hakumtazama usoni.

Baada ya kikohozi ikaja redio. Chini ya mngurumo wa mashine Sista alisikia mtangazaji wa mpira, na mtu akimbishia: "Hiyo nayo pasi? Mtoe huyo! Mtoe!" Sauti ile aliijua. Ilikuwa ya mgonjwa wake, mzee aliyegombana na watangazaji mpaka betri ziishe, na wauguzi wakamwita Mzee Redio. Alifariki siku ileile mashine hii ilipofika kwa mama. Sista akachomoa waya ukutani. Mngurumo ukakatika, lakini mzee aliendelea kubisha, na chumba kikajaa harufu ya dawa yake ya kuchua kifua, mpaka kucha za mama zilipoanza kubadilika na Sista akachomeka waya tena.

Fundi ndiye aliyemleta mganga, mchana, mtu wa simu mbili na saa kubwa mkononi. Mganga akatoa chetezo.

"Moto hapana," Sista alinong'ona. "Karibu na oksijeni? Tutalipuka sote, jini abaki peke yake."

Mganga akakirudisha chetezo mkobani. Akaweka kiganja juu ya mashine, akafumba macho, akakiondoa kama aliyeungua.

"Huyu hakutumwa, wala hakupotea njia," alisema kwa sauti ya chini. "Kafuata kitu chake."

"Si umfukuze!"

"Nimfukuze kwenye kitu chake? Mimi mganga, sista, si dalali." Akamtazama Sista. "Anayejua anachodai hayuko mbali. Aseme tu."

Kabla hajajibiwa, mlango uligongwa. Binti wa Mzee Redio aliingia na mfuko wa machungwa.

"Nimesikia mama anaumwa," alisema taratibu. "Nikasema hapana, lazima nije. Sista ulivyomhangaikia baba mpaka mwisho, sisi tukulipe nini?"

Mama akafumbua macho. Akamgeukia mgeni, na kinywani mwake ikatoka ile besi.

"Mwanangu, aliyekwenda kuleta mashine nyingine, amerudi?"

Machungwa yakamwagika, na mashine ilikuwa inawaka, taa yake ya kijani haikupepesa, mpira ulikuwa mahali pake, na bado namba za oksijeni kwenye kipimo kilichobanwa kidoleni mwa mama zilishuka huku kifua chake kikipanda bila kuingiza kitu, kucha zikiiva weusi, na ile sauti iliyokuwa ikitumia pumzi zake za mwisho ikiuliza tena na tena, kwa upole, kama mzee anayesubiri na hataki kusumbua: amerudi? amerudi?

"Baba?" binti alinong'ona. Akamshika Sista mkono. "Anasema nini? Si mlisema mashine yake imeharibika?"

"Baba yako… alikamilisha huduma…"

Kipimo kikapiga kelele. Mama alipinda mgongo kitandani.

"Dada!" mdogo wake alilia. "Kama kuna kitu, kiseme! Anakufa!"

Sista akapiga magoti katikati ya machungwa.

"Haikuharibika," alisema, kisha akapaza sauti, ili aliyemo ndani ya mama naye asikie. "Ilikuwa nzima. Hapakuwa na nyingine ya kuleta. Nilisimama mlangoni kwenu nikapiga simu ofisini kwamba baba yako amekufa, naye alikuwa kitandani, hai, ananipungia mkono niwahi kurudi."