Kona ya Tatu ya Sambusa

Jiko-upepo liliziinua sambusa nne zilizoganda kama mawe, likaziacha zielee bila kuzigusa, hewa ya moto ikazipuliza pande zote. Mafuta ya kukaangia yalikuwa marufuku. Huko Mwezini tone likiruka huelea kwanza, likatua linapotaka. Arafa, fundi wa mitambo ya maji, alizitazama kupitia kioo zikizunguka na kugeuka rangi, polepole, mpaka naye akahisi anaelea. Kila mwezi mama yake, Bi Zuhura, alimkunjia ishirini na nne kule Pangani, akazigandisha, na roketi ya mizigo ikazileta. Kwa Arafa hizo ndizo zilizokuwa salamu za nyumbani.

Kona ya tatu ilikuwa imepinda kidogo, kama kawaida. Mama aliwahi kuvunjika kidole, na hakikunyooka tena. Lakini siku hiyo Arafa aliona kona hiyo imepinda sawasawa kwenye sambusa zote nne. Akatoa ishirini zilizobaki kwenye friza, akazipanga mezani. Mpindo ule ule. Mkono wa binadamu, hata ukiwa na kilema, haukosei vilevile mara mbili. Hizi zilikuwa kazi ya mashine. Mama je?

Akapiga simu.

"Shikamoo mama."

Sauti ilichukua sekunde tatu kwenda na kurudi. Zilikuwa ndefu mno.

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Mama, nani anakunja sambusa zangu?"

Sekunde tatu tena, kisha Bi Zuhura akakiri.

"Mikono inatetemeka, Arafa, tangu mfungo uliopita. Kabla haijazidi nikavaa glavu-nakili, mashine ikajifunza mkono wangu. Ningekwambia, ungeacha kazi ukashuka. Si nakujua!"

"Kwa hiyo hukunji tena?"

"Nakunja. Zinafumuka, nyama nje. Tunazila wenyewe humu ndani na aibu yetu."

"Nitumie hizo."

"We mtoto! Hazitazamiki."

"Nitumie hizo hizo, mama."

Zilifika mwezi uliofuata, zimevimba huku, zimeachama kule. Jiko-upepo lilizichungulia kwa jicho lake, likasema kwa adabu kwamba halikitambui chakula hiki. Arafa akalizima jicho, akakisia dakika mwenyewe. Nyingine ziliungua, nyingine zikabaki baridi katikati. Alizila zote, mpaka nyama iliyomwagika akaizoa kwa kijiko, huku analia waziwazi.

Kisha akafanya lile lile mama alilokuwa akiliogopa. Akaandika barua ya kuacha kazi.