Aliyemo Tumboni mwa Hitilafu

Hitilafu ya kwanza Nahla aliicheka. Alikuwa ndani kwake Chake Chake, jua la utosi, akiijaribu programu ya kulinda friji la chanjo la zahanati moja. Programu ya aina ile hugeuzwa kwanza yote kuwa lugha ya mashine, ndipo iendeshwe, nayo iligeuka bila manung'uniko. Ilipoanza kazi tu ikasimama, na kwenye kioo cha kompyuta pakatokea maneno ambayo yeye hakuyaandika: Mlango umefungwa, na mie nimo.

"Hafiz huyu na mizaha yake," alisema, akimshuku mwenzake wa kazini. Kisha akasikia harufu ya karafuu zilizooza, na msimu wa karafuu ulikwisha zamani.

Nahla alikuwa fundi hodari, ila pupa ilimponza. Katika programu alitega mtego wa ndani wa kudaka hitilafu, na wa nje wa kudaka itakayoponyoka. Alijua fika kuwa hitilafu mara nyingi huja na nyingine tumboni, ndiyo chanzo chake, na fundi lazima aulize mpaka aifikie. Nahla hakuwa na subira hiyo. Alidaka ya juu, akafuta, akaendelea.

Alasiri bintiye wa pekee, Rahila, alirudi kutoka chuo cha Kurani. Alikaa pembeni akauelekea ukuta, akasema kwa sauti nzito ya kiume: "Mlango umefungwa, na mie nimo."

Nahla alifumbua kinywa apige ukelele.

"Mama Rahila, usipige ukelele," mumewe, Hamdan, alinong'ona. "Nakwenda Tumbe kumwita mganga, Bi Mwanapili."

Mganga aliwasili na chetezo chake cha kufukizia udi, akawakanya kabla hajakaa. "Jini aliyemo akishatoka, mtu asimguse mtoto mpaka niulize mara tatu kama kuna mwengine. Mmenisikia?"

"Tumesikia, bibi."

Udi ukafuka, na yule aliyekuwa ndani ya Rahila akajitaja kuwa Maimuni, akaomba shuka nyeupe na marashi, akapewa, akaaga, na papo hapo milango yote ya nyumba ikajibamiza, ile harufu ya karafuu ikapanda hadi wakazibana pua, mtoto akaanguka mkekani akitetemeka na kulia "Mama! Mama!" kwa sauti yake mwenyewe, huku Bi Mwanapili akiuliza, "Kuna mwengine?", kimya, akauliza tena, kimya, na Nahla, ambaye moyo ulikuwa unampasuka, akamrukia mwanawe akamkumbatia.

"Weye! Bado mara moja!" Bi Mwanapili alimkemea.

Rahila akafumbua macho, akacheka, akaomba uji. Hamdan alitokwa na machozi ya furaha. Mganga alikusanya vitu vyake. "Kumkumbatia ndiko kufunga mlango," alisema taratibu. "Kama yumo mwengine, hasemi tena na mie."

Asubuhi Nahla aliifungua kompyuta. Safari hii aliandika mstari ambao kila siku aliuruka, wa kuitaka hitilafu itaje iliyomo tumboni mwake. Akaiendesha programu.

Maimuni ametoka, kioo kiliandika. Chini yake: Ahsante, mama, kwa kunifungia.

Harufu ya karafuu ilimjia kwa nyuma. Rahila alikuwa amesimama karibu na kiti, bakuli la uji mkononi, akitabasamu.

"Futa, mama," alisema kwa sauti yake tamu ya siku zote. "Si ndivyo ulivyozoea?"

Nahla alimtazama mtoto wake, yule wa pekee aliyekuwa naye. Akayafuta maneno yale, asiulize zaidi.